Uvumbuzi wa Wawili, Jina la Mmoja

Tuseme hivi, msomaji mpenzi. Fundi mmoja wa redio katika Kailo ana kijana msaidizi. Miezi mingi kijana huyo hujaribu kupanga fimbo za antena namna mpya, ili sauti itokayo Kindu isikike vizuri. Mwisho anafaulu. Fundi anafurahi, anaiomba serikali hati ya uvumbuzi, ile ambayo wenye kusoma Kifaransa huiita brevet, naye anaandika humo jina lake peke yake. Je, ametumia haki yake, au ametenda dhambi?

Kabla ya kujibu, yafaa tujue hati hiyo ni kitu gani. Wengine hudhani ni ulafi mtupu, mtu kuifungia sandukuni akili aliyopewa bure na Mungu. Sivyo. Hati ni mapatano. Mvumbuzi hueleza siri yake waziwazi, kila mtu apate kuisoma. Nayo serikali humlinda kwa muda, katika nchi nyingi miaka 20, ili mwingine asitengeneze kitu hicho wala kukiuza bila ruhusa yake. Muda ukiisha, uvumbuzi huwa wa wote. Kongo ina sheria juu ya jambo hili, ya tarehe 7 Januari 1982. Naye Papa Yohane Paulo II, katika barua Centesimus Annus ya mwaka 1991, alifundisha kwamba siku hizi elimu na ufundi ni mali isiyopungua ardhi kwa thamani. Basi kuomba hati si kosa. Tutazame jina.

Kisa kama hicho kilitokea kweli, mbali na Kailo, katika mji wa Sendai, Japani. Huko Profesa Hidetsugu Yagi alifundisha katika chuo kikuu cha Tohoku, na Shintaro Uda alifanya kazi chini yake. Antena yao twaijua sote kwa macho: ndiyo ile iliyo juu ya mapaa, mfano wa mifupa ya samaki. Fimbo moja tu hushikana na waya wa redio. Nyuma yake huwekwa fimbo ndefu kidogo, irudishe mawimbi. Mbele huwekwa fimbo fupi, ziyaongoze. Hivyo sehemu kubwa ya nguvu huelekea upande mmoja, kama mwanga wa tochi. Sehemu kubwa ya majaribio hayo ilikuwa kazi ya Uda. Lakini mwisho wa mwaka 1925, Yagi alipoomba hati katika Japani, aliomba kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1928 aliandika makala kwa Kiingereza, na humo akaitaja kazi ya Uda. Hata hivyo dunia ilizoea kusema «antena ya Yagi», na watu wengi wasema hivyo hata leo. Nia ya Yagi hatuijui, wala si kazi yetu kumhukumu. Lakini twaona jambo moja: jina lililoachwa mwanzoni hurudi kwa shida, hata mwenyewe akitaka kulirudisha.

Turudi kwa fundi wetu. Atajitetea: «Duka ni langu. Nyaya nilinunua mimi. Kijana nilimfundisha mimi.» Yote ni kweli, na kwa hayo astahili fungu lake la faida. Lakini hati si risiti ya nyaya. Hati ni ushuhuda. Yasema mbele ya watu wote: huyu ndiye aliyevumbua. Wengi watatafuta kosa lake katika amri ya saba, Usiibe. Mimi nalitafuta kwanza katika amri ya nane, Usiseme uongo. Maana hata akimlipa kijana franga nyingi, uongo umebaki palepale. Deni la fedha na deni la jina ni madeni mawili. Kulipa moja hakufuti la pili.

Mtu aweza kuuliza: je, pasipo fedha, jina lina maana gani? Tutazame kisa kingine. Mawimbi ya redio huchanganyika hewani kama sauti za watu sokoni. Ziko mashine ziyachambuazo zenyewe, zikionyesha kila wimbi na nguvu yake. Nyingi hutumia njia ya hesabu iliyotangazwa mwaka 1965 na Wamarekani wawili, James Cooley wa kampuni IBM na John Tukey wa Princeton. Penye namba 1,024, njia ya zamani hudai kuzidisha mara zaidi ya 1,000,000. Njia yao hudai hatua kama 10,000 tu. Kampuni haikuichukulia hati, bali iliiacha iwe ya wote. Baadaye wataalamu waligundua kwamba Mjerumani Carl Friedrich Gauss aliwahi kuandika njia ya namna hiyo yapata mwaka 1805. Hakuna aliyedai fedha. Hata hivyo walimtaja, maana ukweli ulidai hivyo.

Na mchimbaji wa Kailo je? Bati la Maniema huuzwa ulimwenguni, na bati ndilo linaloyeyushwa kuunganisha nyaya ndani ya redio na simu. Yeye hakuvumbua antena, na kumwandika katika hati kungekuwa uongo mwingine. Anachodai ni bei ya haki kwa jasho lake. Kila mtu apewe lililo lake: mvumbuzi jina, mchimbaji malipo, fundi fungu lake.

Basi jibu letu ni hili. Kama hati haijatolewa, fundi arudi kuandikisha majina mawili. Kama imekwisha kutolewa, aombe isahihishwe, awaambie wateja ukweli, na agawane faida na kijana. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Nasi wengine tusio na antena ya kuandikisha, tujiulize kila mmoja: katika kazi ninayosifiwa, ni nani sijamtaja?