Anayetaja Farasi Atakayeshinda, Je, Ana Kosa?



Ijumaa hii tulikusudia kuandika juu ya haki za jirani. Lakini limetufikia swali ambalo tumeona lisingoje, nalo ni swali la farasi. Najua wapo watakaocheka. Kuanzia Kamanyola hadi Uvira ng'ombe tunao, mbuzi tunao, farasi hatuna. Watoto wetu wa chuo wanahifadhi Suratul Aadiyaat, sura ambayo Mola anaapa kwa farasi waendao mbio, na ukimuuliza mmoja wao farasi ni mnyama gani atakujibu kwamba ni punda mkubwa. Hata hivyo farasi wameingia kijijini kwetu, na mlango walioingilia ni simu.

Muulizaji ni kijana aliyesoma chuo kwetu, kisha akahamia mjini kutafuta maisha. Ana akili ya hesabu tangu utoto. Alikuja kwangu baada ya sala ya alasiri akaniambia: "Mwalimu, mimi sichezi pari. Sijawahi kuweka hata franka moja. Kazi yangu ni kusoma orodha ya farasi watakaokimbia siku ile, kuwapima, na kuwaandikia wenzangu yupi anaelekea kushinda. Wakipata, wananipa kumi kwa mia. Wakikosa, sichukui kitu. Je, nina kosa gani?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia kwanza anifundishe kazi yake, kwa sababu anayehukumu jambo asilolijua hukumu yake ni upepo. Tukakaa barazani mpaka magharibi.

Akanifundisha kwamba Wafaransa huandika historia ya kila farasi kwa herufi na tarakimu, nao huita maandishi hayo muziki wa farasi. Ukiona 1a 4a Da 0a, maana yake ni kwamba katika mbio za kuvuta kigari mara ya mwisho alikuwa wa kwanza, kabla yake wa nne, kabla yake aliondolewa kwa kuvunja sheria, na kabla yake hakuwamo hata katika wale wa mbele. Herufi p ni ya mbio za kawaida, mpandaji akiwa mgongoni. Mwenye kujua hatazami tarakimu peke yake. Hutazama umbali, kwani farasi wa mita 1,200 si wa mita 2,400. Hutazama ardhi, kama ni mchanga au majani, kama ni kavu au imelowa. Hutazama mpandaji, na siku ngapi mnyama amepumzika. Tena yapo mashindano ambamo ofisa maalumu humwongezea farasi hodari uzito kwa vipande vya risasi kwenye tandiko, na dhaifu humpunguzia, ili wote wakaribie kufika pamoja. Hapo nilimsimamisha. Nikamuuliza: "Yaani yupo mtu anayelipwa mshahara ili utabiri wako usitimie?" Akacheka, akasema ndivyo.

Basi nikamwambia jambo la kwanza, nalo naliandika hapa ili watu wasimwonee: huyu si mpiga ramli. Ipo hadithi katika Sahih Muslim inayomwonya anayemwendea mtabiri na kumuuliza, kwamba sala yake haikubaliwi siku arubaini. Wapo walioniletea hadithi hiyo dhidi ya kijana huyu. Lakini mtabiri yule anadai kujua ghaibu. Mkulima wetu akiona mawingu yamekaa juu ya milima ya Lemera akasema leo mvua itashuka, hakudai ghaibu, amesoma dalili. Mama anayeuza mpunga akishika punje akasema shamba hili litatoa vizuri, naye hakudai. Kijana anasoma dalili. Kuwajua farasi ni elimu, na wanazuoni wetu wa zamani waliandika vitabu juu ya farasi, umbo lao na maradhi yao.

Wala mashindano yenyewe si haramu. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar kwamba Mtume (S.A.W.) aliwashindanisha farasi waliofanyiwa mazoezi kuanzia Hafyaa hadi Thaniyyatul Wadaa, mwendo wa maili tano au sita, na wale wasiofanyiwa mazoezi aliwapa mwendo mfupi, kuanzia Thaniyya hadi msikiti wa Bani Zurayq. Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokimbiza. Angalieni uadilifu huo: aliyejiandaa hakupambanishwa na asiyejiandaa. Na imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kwamba zawadi ya mashindano imeruhusiwa katika ngamia, farasi na mishale. Mafakihi wakaeleza: zawadi ikitoka kwa kiongozi, au kwa mmoja wa wanaoshindana, hakuna ubaya. Wakitoa wote wawili ili mmoja achukue cha mwenzake, hapo pana kamari, na wengi wakasharutisha aingie wa tatu asiyetoa kitu. Ama mtazamaji aliyekaa pembeni, asiye na farasi wala mshale, akaweka mali yake juu ya jasho la mnyama wa mwenzake, huyo hakupata mlango kwao.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe, maana kijana aliniambia, "Mwalimu, hayo nayajua, nami siweki pari. Mimi nasema tu." Akaongeza neno ambalo lilininyima usingizi. Alisema kamari imekatazwa kwa kuwa ni kubahatisha, naye habahatishi, yeye anajua.

Nikamtajia siku moja. Tarehe 5 Aprili 2025, huko Meydan, Dubai, lilikimbiwa Kombe la Dunia la Dubai, mita 2,000 juu ya mchanga, zawadi yake dola milioni 12. Mashindano hayo yalianza mwaka 1996. Farasi aliyetazamiwa na wengi alikuwa Forever Young kutoka Japani, aliyekuwa ameshinda Saudi Cup mjini Riyadh mwezi Februari mwaka uleule. Kijana wetu naye alimtaja huyo, na sababu zake alizipanga vizuri; nimezisoma, hata mimi ningeshawishika. Akashinda Hit Show, ambaye wachache walimfikiria. Forever Young akawa wa tatu. Lakini kisa hakikuishia hapo. Novemba 2025 Forever Young alikwenda Marekani akashinda Breeders' Cup Classic, farasi wa kwanza aliyefunzwa Japani kufanya hivyo. Kwa hiyo kijana hakukosea juu ya farasi. Farasi alikuwa hodari kweli. Alikosea juu ya siku. Elimu yake ilikuwa elimu ya mnyama, naye aliiuza kama elimu ya Jumamosi ile. Mola ametufahamisha katika Suratu Luqman kwamba hakuna nafsi ijuayo itachuma nini kesho, na farasi naye ana kesho yake.

Hata ngamia wa Mtume (S.A.W.), Al-Adhbaa, ambaye watu walikwisha zoea kwamba hapitwi, siku moja alipitwa na ngamia kijana wa bedui mmoja. Maswahaba wakaumia. Mtume (S.A.W.) akawafahamisha kwamba hakuna kinachoinuka duniani ila Mwenyezi Mungu hukishusha. Anas ndiye aliyeipokea.

Lakini tuseme kijana anajua kweli. Tuseme hakosi hata mara moja. Je, ubaya umeondoka? Hapa ndipo watu wengi huteleza, hudhani kamari ni mbaya kwa sababu mtu anaweza kupoteza. Mkumbukeni Abu Bakr (R.A.). Warumi waliposhindwa na Waajemi, ikashuka Suratu Rum kwamba watashinda tena ndani ya miaka michache, Abu Bakr akawekeana dau na washirikina wa Makka. Hiyo ilikuwa kabla kamari haijaharamishwa, kama alivyopokea Tirmidhi. Abu Bakr hakubahatisha. Alikuwa na wahyi mkononi, na hakuna pronostiki duniani iliyo na uhakika kama ule. Hata hivyo mlango ule ulifungwa baadaye, wala hakuachiwa mwenye uhakika. Kwa hiyo tatizo haliko katika kutojua peke yake. Liko katika mali inayotoka mfuko huu kwenda mfuko ule bila kazi, bila bidhaa, bila hiba.

Na utaratibu wa pari za farasi unalionyesha hilo wazi kuliko mchezo mwingine. Katika karne ya 19 mjini Paris, Joseph Oller alibuni njia ambayo pesa zote za wachezaji hutiwa chungu kimoja, mwenye chungu hukata sehemu yake kwanza, kisha kinachobaki hugawanywa kwa waliopatia. Njia hiyo ndiyo inayotumika Ufaransa, na PMU yao ilianza mwaka 1930. Kiwanja cha Ngong pale Nairobi, kilichofunguliwa mwaka 1954, nacho kina madirisha ya namna hiyo. Sasa fikirini. Ikiwa wote watafuata ushauri wa kijana wetu na farasi akashinda, watagawana pesa zao wenyewe zikiwa zimekwisha katwa. Watarudi nyumbani na kidogo kuliko walichoweka, au karibu na hicho. Ushauri wake una thamani pale tu ambapo watu wengi hawakuusikia, wakakosea. Mkulima akikufundisha mbegu nzuri, mimi nikijua nawe ukijua sote tunavuna. Elimu hii peke yake haiwezi kumfaa jirani bila kumtaka jirani mwingine abaki mjinga. Nilipomwambia hivyo, kijana alinyamaza kwa muda mrefu.

Kisha akajitetea, na utetezi wake haukuwa mdogo. Akasema: "Basi na aliyenifundisha hesabu ana kosa? Na anayeuza simu?" Nikamjibu kwamba mkulima wa zabibu hayumo katika laana ya mvinyo kwa kulima tu, lakini aliyekamua kwa ajili ya mvinyo na aliyebeba wametajwa pamoja na mnywaji, kama ilivyopokewa na Tirmidhi. Mwalimu wa hesabu amelima. Wewe unakamua, tena unajua chupa inakwenda wapi, na una kumi kwa mia yako ndani yake. Na ipo hadithi ya Bukhari ambayo sisi maimamu hatuisomi mara nyingi, kwamba hata aliyemwambia mwenzake waje wachezeshane kamari, kwa neno hilo peke yake, na atoe sadaka.

Lazima nami niseme langu, nisije nikaonekana nimekaa juu ya minbari siteremki. Desemba 2010, TP Mazembe ya Lubumbashi ilipoifunga Internacional ya Brazili mabao 2 kwa 0 na kuingia fainali ya vilabu vya dunia Abu Dhabi, nilikaa barazani nikasema mbele ya watu kwamba Inter ya Milan nao watafungwa. Nilitoa na sababu. Tarehe 18 Mazembe wakafungwa 3 kwa 0. Miezi mingi baadaye nikaja kujua kwamba mzee mmoja katika waliokuwa wakinisikiliza aliwekeana pesa na jirani yake, na alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba imamu amesema. Sikuchukua kumi kwa mia. Sikujua. Lakini tangu siku hiyo, nikiulizwa nani atashinda, natazama kwanza nani ananiuliza.

Kijana yeye alijua. Na hili ndilo lililomleta kwangu, ingawa alilitaja mwisho kabisa, jua likiwa limekwisha zama upande wa milima. Siku ile ya Dubai, mmoja wa wenzake alichukua pesa ya mama yake, mtaji wa magunia mawili ya mpunga, akamweka Forever Young. Mama yule ni mjane, anauza sokoni. Hakujua Dubai iko wapi.

Akauliza: "Mwalimu, nina deni?" Kwa sheria, hapana. Mafakihi wamesema akikutana mtendaji na msababishaji, dhamana ni ya mtendaji. Aliyechukua pesa ya mama ni mwanawe, na ndiye wa kuilipa. Hilo nililisema waziwazi, kwa sababu si halali kumtwika mtu deni ambalo sheria haikumtwika. Ila zile kumi kwa mia alizopokea siku za ushindi nilimwambia si zake, azitoe. Akauliza azitoe wapi. Nikamwambia hilo hahitaji imamu.

Kazi ya kuandika pronostiki ameiacha, kwa kadiri ninavyojua. Orodha za farasi bado anazisoma. Alinionyesha daftari ambamo anaandika anayemtazamia, na kesho yake anaandika aliyeshinda, hamwonyeshi mtu. Sikumkataza. Gunia la kwanza lilifika kwa mama yule mwezi uliopita, likapelekwa usiku, bila jina. La pili bado.