Je, Kulipima Jani ni Kumdharau Mzee?

Katika Tandale, ambako nyumba zimesongamana jirani na Mto Ng'ombe na mafuriko ya masika huchanganyika na maji ya vyoo, minyoo haikosi njia ya kumfikia mtoto. Mama hununua vidonge vya albendazoli, au huchemsha majani ya mwarobaini, mgeni yule wa kutoka Bara Hindi tuliyempa jina la maradhi arobaini. Pengine hufanya yote mawili, wala hatumlaumu.

Wako wasemao kwamba kulipeleka jani maabara ni kuwatilia shaka wazee. Sisi hatukubaliani nao.

Mwezi wa Novemba 1987, katika Milima ya Mahale kando ya Ziwa Tanganyika, Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe na afisa wa hifadhi, pamoja na mtafiti Michael Huffman, walimfuata sokwe jike aliyekuwa mgonjwa. Sokwe yule alivunja tawi la mti ambao Watongwe huuita mjonso, akamenya gamba, akatupa majani, akatafuna moyo wa tawi na kunyonya maji yake machungu. Kesho yake alionekana amepata nguvu. Seifu aliufahamu mti huo kuwa dawa ya tumbo kwa watu wake. Habari ile ilichapishwa mwaka 1989 kwa majina ya wote wawili, nasi twaona ndivyo ipasavyo. Hatimaye vinyesi vya sokwe waliotafuna mjonso vilipimwa, na mayai ya minyoo yakaonekana kupungua. Wanakemia nao wakakuta sumu imejaa zaidi katika majani na gamba, yaani vile vile alivyovitupa sokwe.

Basi ujuzi haumo katika kuutaja mti tu. Umo pia katika kujua kinachotupwa. Kijijini, kipimo kiliishi mkononi mwa mganga aliyemjua mgonjwa na wazazi wake. Mjini dawa hufika ndani ya chupa ya maji iliyookotwa, na mnunuzi hajui ni jani au ni mzizi, wala kama ni kijiko au kikombe. Dawa iuayo mnyoo yaweza pia kumdhuru mtoto wa miaka miwili. Huyo ndiye anayebeba hatari ya heshima yetu kwa mila, naye hakuulizwa.

Taifa halikulipuuza jambo hili: kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, na sheria ya tiba asili ikatungwa mwaka 2002. Lakini upimaji una haki zake. Mganga asiwe mtu wa kuchumwa kama jani, akatwaliwa ujuzi na kusahauliwa jina. Na jani likishindwa, jibu hilo arudishiwe yeye kwanza, kwa Kiswahili anachokielewa, kabla hajamchemshia mtoto mwingine.