Mgonjwa Asiyetarajiwa Kupona: Je, Yampasa Kutibiwa?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Huulizwa: Muislamu akipatwa na saratani ya tumbo, nayo imekwisha kuenea mpaka kwenye ini, je, akiacha dawa apata dhambi?

Uchukuliwe mfano wa mzee wa Kiegei, katika nchi ya Nachingwea, mwenye shamba la mikorosho. Alianza kwa kukonda na kukataa chakula, akanywa mizizi mwaka mzima. Alipofikishwa Dar es Salaam, katika hospitali ya Ocean Road, ambayo tangu mwaka 1996 ni taasisi ya saratani, maradhi yalikuwa yamekwisha kuvuka. Wanawe wataka kuuza shamba wampeleke Bara Hindi, na huku wamemficha khabari.

Saratani hiyo ikiwa ingali mahali pake, tabibu hukata sehemu ya tumbo, na mgonjwa huweza kupona. Ikifika kwenye ini, dawa za mshipani huweza kuizuia kwa muda, lakini kwa walio wengi haziiondoi.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, aligawa sababu za kuondoa madhara mafungu matatu: za yakini, kama maji kwa mwenye kiu, za dhana, kama dawa za matabibu, na za kuwazia tu. Za yakini ni haramu kuziacha. Za dhana si haramu. Na katika madhehebu ya Shafi kujitibu ni sunna. Basi mzee akichagua kubaki kwake, hakujiua, wala hakukata tamaa na rehema ya Mola wake.

Lakini wasemao "hakuna dawa tena", wakamwacha akiugua usiku kucha, hao wamekosa. Maumivu nayo yana dawa: mofini ya maji, hunywewa nyumbani kwa kipimo cha tabibu. Kilichoharamishwa ni ulevi, na hii ni dharura.

Na kosa kubwa zaidi ni kumficha. Saad bin Abi Waqqas alipougua, alimuuliza Mtume S.A.W. khabari ya kuusia mali yake, akaruhusiwa theluthi, na theluthi ni nyingi. Asiyejua hali yake atausia nini? Atalipa deni gani, na ataomba radhi kwa nani? Na shamba ni lake maadamu yu hai. Si la wanawe kuliuza.

Basi na wamwendee kwa upole, wamwambie kweli. Akitaka safari, wamchukue. Akitaka kubaki, wamtulize maumivu na wakae naye.

Wallahu aalam.