Ghadhabu Huanza Viungoni

Ndugu zetu, wakati wa kusi bahari ya Malindi huchafuka, na mvuvi mwenye chombo kidogo hurejea na tenga tupu. Hilo si ajabu. Ajabu ni kuwa hasira zake huwashukia mkewe na wanawe, ambao hawakuuvumisha upepo. Sisi twaona kosa huanza mwilini: taya hukazana, pumzi hukatika, ngumi hujifunga, na mwenyewe hana habari. Mtume (S.A.W.), katika hadithi iliyopokewa na Abu Dharr, alimwamuru mwenye kughadhibika naye amesimama akae kitako, zisipomtoka, alale. Hakumwambia kwanza afikiri! Aliyelala mkono wake u mbali na fimbo. Basi twamwuliza kila mwenye nyumba: jana ulipokasirika, ulikuwa umesimama au umekaa?