Jino Halingoji Msimu wa Kahawa

Wanangu, wajukuu zangu wa Bukoba na Muleba, sogeeni. Nawaona mnavyotafuna senene na kahawa ya mgeni, nafurahi. Lakini nikimuuliza mmoja wenu siku jino likiuma atalipa na nini, ananyamaza. Ukimya huo unanikosesha usingizi.

Nimeona unakotufikisha. Kijana wa jirani, huku Muleba, alikuwa na tundu dogo kwenye gego. Lingezibwa asubuhi, mchana angekuwa shambani. Hakuwa na bima wala akiba, akabandika karafuu na kumeza dawa za maumivu za dukani. Baada ya miezi shavu lilivimba hadi jicho likafumba, taya likakaza, kijiko hakipiti. Usaha wa jino unaweza kushuka shingoni, wanangu, na ukifika huko huweza kuziba pumzi. Alipona, Mungu ni mwema. Ila ili kulipia matibabu, kahawa yake iliuzwa butura, ikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa. Auzaye maua huvuna deni.

Nawasihi, msifike huko.

Sisi si wa kufundishwa kuchangiana. Nani kati yenu hana kikundi cha kuzikana kijijini kwake? Tunatoa fedha tukiwa wazima, msiba ukitokea tunabeba sufuria, ndizi na rambirambi. Bima ni kuchangiana huko huko, ila yenyewe humhudumia aliye hai. Jeneza mnalichangia bila kunung'unika, taya mnalionea uchungu?

Ilipokuja CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, mwaka 2018, kaya ya watu 6 ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Wapo waliosema ni nyingi, na msimu huo huo nikawaona wakizimalizia kwenye pombe ya rubisi. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Njia ipo, wanangu.

Nawaomba tena: ukienda kukata kadi ya bima, usione aibu kuuliza. Inaanza kazi lini? Maana kadi iliyokatwa leo huenda isitibu leo. Ulizia jino lenyewe: ni kung'oa tu, au na kuziba? Kutibu mzizi je? Meno bandia je? Ulizia pia inapokelewa wapi, Rubya, Ndolage, Kagondo au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Bukoba, na kama lazima uanzie zahanati upewe rufaa. Wengi hujua mipaka ya kadi yao wakiwa wameshika shavu dirishani, na hapo hakuna wa kumlaumu.

Bima ikiwa bado haijafikika, kikoba chenu kina mfuko wa jamii. Andikeni kwenye katiba yake kwamba jino nalo ni ugonjwa. Na malipo ya kahawa yakitoka chama cha msingi, ya matibabu yatangulie, kabla ya mabati, kabla ya simu mpya. Mwenye mtoto wa chini ya miaka 5, mjamzito, au mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo, aulize msamaha wa malipo katika hospitali ya serikali. Umewekwa kwa ajili yao.

Wewe mwenye tundu tayari, nakuomba, nenda wiki hii. Leo ni kuziba. Likifika kwenye mzizi gharama hupanda, na jino la ukubwani likishang'olewa halioti tena. Kama ni nauli inayokukwamisha, njoo uniambie.