Kikombe cha Maushi

Kwetu Misigiri mtu akisikika anakwenda India, swali la kwanza ni anaumwa nini. India tunayoijua ni ya rufaa: moyo, figo, saratani, michango ya ukoo na picha ya mgonjwa kwenye kundi la WhatsApp. Kwa hiyo nilipopata ufadhili wa serikali ya India kusomea shahada ya pili ya takwimu mjini Pune, mama alikuwa na kazi ya kuwaeleza majirani kwamba binti yake ni mzima wa afya. Bibi mmoja anayeuza vitunguu pale njia panda ya Kiomboi hakukubali. Alinipa shilingi elfu mbili za maji ya njiani, akaniombea upasuaji wangu uende salama.

Kulikuwa na India nyingine ya kibanda umiza, ambako shujaa mmoja hupiga watu thelathini halafu anaimba. Na kulikuwa na India ya maduka ya Singida mjini, ambako tulinunuliwa vitambaa vya sare. Ile ya nne, India ya vitabu vya Wazungu, niliikuta chuoni. Kijana anatoka Ulaya, anawaona maskini wa India, analia, anarudi kwao akiwa mtu mpya. Namna hiyo ya safari niliijua kutoka upande wa pili. Huku Iramba tumepokea vijana wa kujitolea waliokuja wiki chache kupaka rangi madarasa, kisha wakaandika jinsi watoto wasio na viatu walivyowafundisha maana ya furaha. Nilikuwa mmoja wa watoto hao. Hatukuwa tunamfundisha mtu chochote, tulikuwa tunasubiri biskuti.

Basi nilipanda ndege nikiwa na nadhiri moja: sitamfanya maskini yeyote wa India kuwa mwalimu wangu bila mwenyewe kuulizwa.

Barabara ya Mumbai hadi Pune ni kama kilomita 150, na inapanda milima ya Ghati za Magharibi. Malori yaliyokwea kwa gia ndogo yalinikumbusha mlima Sekenke na malori yanayotoka Shelui. Halafu yakaja maneno. Gari wao huita gadi, duka ni dukan, pesa ni paisa, laki ni lakh, na embe kwa Kimarathi ni amba. Siku ya kwanza nilijiona kama niliyefika kwa ndugu wa mbali ambaye sikuwahi kutambulishwa kwake.

Nilipanga chumba kwa mjane mmoja, mwalimu mstaafu. Nilielekezwa nimwite Kaku, yaani mke wa baba mdogo. Kila asubuhi alikuja mwanamke wa makamo kuosha vyombo na kupiga deki. Huyo aliitwa Maushi, yaani mama mdogo. Kwa maneno, nilikuwa nimezungukwa na familia.

Saa nne Kaku alichemsha chai ya tangawizi na iliki. Vikombe vya maua vilitoka kabatini, kimoja chake, kimoja changu. Cha Maushi kilikuwa cha stili na kilikaa dirishani, karibu na sabuni ya vyombo. Kaku alimimina kutoka juu kidogo ili sufuria isikiguse. Maushi alikunywa amechuchumaa mlangoni, akakiosha, akakirudisha dirishani. Kisha akavisugua vikombe vyetu vya maua. Mikono yake ilifaa kusugua kikombe changu. Midomo yake haikufaa kukigusa.

Nisieleweke vibaya kuhusu Kaku. Nilipougua homa mwezi wa pili, alikesha nami usiku mbili, akanipikia wali laini wa choroko na kunilisha kwa kijiko. Sijawahi kuuguzwa vile na mtu asiye wa damu yangu. Kama angekuwa mkatili, swali langu lingekuwa jepesi.

Kilichonisumbua zaidi ni kikombe changu mwenyewe. Mimi nilikuwa mgeni wa wiki tatu, mla nyama, Mwafrika. Kwenye basi la mji watu walikuwa radhi kusimama kuliko kukaa kando yangu. Mwaka 2016 binti Mtanzania alishambuliwa na kundi la watu mjini Bengaluru kwa sababu ya ajali ambayo hakuhusika nayo, na sisi tuliofuata tuliagwa nyumbani kwa kukumbushwa kisa hicho. Lakini mle jikoni nilipewa kikombe cha kabatini siku ya kwanza, na Maushi alikuwa amefanya kazi pale miaka kumi na mmoja. Niliwekwa juu yake bila kuomba, na kila nilipokunywa nilikuwa naikubali nafasi hiyo.

Je, mgeni ana haki ya kusema kitu?

Kaka mmoja Mtanzania aliyetutangulia pale alinijibu kwa methali: funika kombe mwanaharamu apite. Umekuja kusoma, alisema, soma. Mila ya watu ni ya watu. Nami nilikuwa na methali yangu, mgeni njoo mwenyeji apone, ingawa mwenyeji huyu hakuwa ameniambia kwamba anaumwa.

Ilikuwapo sababu nzito zaidi ya kunyamaza. Mkoa wetu wa Singida umewapeleka Dar es Salaam wasichana wa kazi wasiohesabika. Stendi ya Misigiri nimewaona tangu utotoni: msichana ana begi moja, mama fulani aliyekuja kumchukua ameshika simu, basi la kutoka Mwanza linasimama dakika tatu, basi. Dada yangu, mtoto wa mama mdogo, aliondoka hivyo baada ya darasa la saba. Alikaa miaka minne katika nyumba moja ya Dar. Sahani yake ilikuwa ya plastiki, ya kijani, ikikaa chini ya sinki. Alikula wengine wakishamaliza. Watoto walimwita dada, baba yao alimwita dada, mama yao naye, aliyemzidi miaka ishirini, alimwita dada. Jina lake alilisikia akipigiwa simu kutoka nyumbani. Mitandaoni tunawaita beki tatu na tunacheka.

Tangu asubuhi ya kwanza nilipokiona kikombe cha dirishani, niliiona sahani ya kijani.

Rafiki yangu wa darasani, anayetoka wilaya ya Beed, ambako watu wengi huhama kila mwaka kwenda kukata miwa, alinipeleka nyumba ya Jyotirao Phule, iliyo katikati ya Pune ya zamani. Sasa ni mahali pa kumbukumbu. Mwaka 1848 Phule na mkewe Savitribai walianzisha shule ya wasichana mjini humo, na chuo kikuu cha pale kinaitwa kwa jina la Savitribai tangu 2014. Lakini rafiki yangu alitaka nione kisima. Mwaka 1868 Phule alifungua maji ya nyumbani kwake yatumiwe na watu ambao visima vya wengine viliwakataa. Yeye mwenyewe alikuwa wa tabaka la watunza bustani, si la juu wala si la chini kabisa.

Tukiwa pale akanisimulia habari za Ambedkar, ambaye sanamu zake za suti ya buluu na kitabu mkononi nilikuwa nimezipita kila njia panda. Alipokuwa mwanafunzi hakuruhusiwa kugusa bomba la shule. Mtumishi wa shule ndiye alimfungulia, na siku asipokuwepo mtumishi, kijana alishinda na kiu. Machi 1927 aliwaongoza maelfu ya watu kwenda kunywa maji ya bwawa la umma mjini Mahad. Baadaye akaongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba iliyoanza kutumika Januari 26, 1950, na ibara yake ya 17 inafuta utengwa wa namna hiyo. Rafiki yangu alilisema hilo kwa fahari. Kisha akasema kwamba alipotafuta chumba, wenye nyumba watatu walimuuliza kwanza jina la ukoo, ambalo huko linatosha kukutambulisha tabaka, na baada ya kulisikia wakakumbuka kwamba chumba kimeshapangishwa.

"Na kwenu?" akaniuliza.

Ningeweza kumpa Tanzania ya hotuba. Nilikuwa nayo tayari: Nyerere, ndugu, binadamu wote sawa, hata Tuzo ya Amani ya Gandhi aliyopewa kwa mara ya kwanza kabisa mwaka 1995, nao Wahindi ndio walioitoa. Nikamweleza habari za sahani ya kijani. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama yule dada yangu akiolewa na mtu mwenye uwezo mtoto wake naye atapewa sahani ya kijani. Nikasema hapana. Akasema, "Basi si kitu kimoja."

Alikuwa na haki. Tabaka la huko hurithiwa, lina nadharia ya usafi na najisi nyuma yake, na halifutwi na pesa wala shahada. Dada yangu alikuwa chini kwa sababu ya umaskini, na siku aliporudi Misigiri na godoro na mtaji mdogo hakuna aliyemuuliza alikulia sahani gani. Anayesema kwamba ni yaleyale anawadhulumu wote wawili. Nimewasikia Watanzania wakisema hivyo kwa unyenyekevu mkubwa, kwamba kila nchi ina yake, na unyenyekevu huo huwa na faida ya kumaliza mazungumzo.

Maana ukilifuata wazo la kwamba mwenye doa asiseme, nani atasema? Kaku hawezi, kikombe ni chake. Mimi siwezi, nina sahani ya kijani ukoo mzima. Maushi akisema anapoteza kazi. Ukimya huo unaonekana kama heshima kwa kila mtu, lakini wanaoufaidi ni sisi tunaotumia vikombe vya kabatini. Nyani haoni kundule ni methali ya kumfanya nyani ajitazame. Tumeigeuza kuwa ya kumfumba mdomo.

Kilichonigusa kwa Phule ni kwamba maji aliyoyafungua yalikuwa yake. Kwa Kaku mimi sikuwa na kisima. Nilifikiria kuomba nami kikombe cha stili, nikanywe mlangoni. Rafiki yangu wa Beed alicheka sana. "Utanywa hivyo miezi miwili, utaandika makala, utaondoka. Kaku atakasirika, na hasira hiyo hutailipa wewe." Nikaacha.

Nilichofanya ni kidogo. Asubuhi moja, Maushi akiwa bado hajafika, niliuliza kwa adabu zote, "Kaku, kwa nini kikombe cha Maushi hakikai kabatini na vingine?"

Hakukasirika. Aliendelea kumenya tangawizi. "Ndivyo alivyozoea mwenyewe," akasema. "Ukimpa hiki cha maua hataona raha."

Sentensi hiyo niliijua. Mwajiri wa dada yangu aliitamka vilevile kwa mama yangu, siku mama alipokwenda kumsalimia mwanawe Dar na kumkuta akila jikoni peke yake: ndivyo alivyozoea, ukimwita mezani anaona aibu. Bahari nzima ya Hindi iko kati ya wanawake hao wawili. Wote wawili walikuwa wakarimu, na nadhani wote wawili walikuwa wakisema kweli. Mtu aliyewekwa mlangoni miaka kumi na mmoja huzoea mlango.

Nadhiri yangu ilikuwa bado inanidai, yaani mwenyewe aulizwe. Kimarathi changu kilikuwa cha kununulia mboga, kwa hiyo rafiki yangu alinisaidia siku moja tulipokutana na Maushi akingoja basi. Tulimuuliza kuhusu kazi, na mwisho kuhusu kikombe. Alitutazama kama watu wenye nafasi nyingi ya kuwaza. Kikombe hakimsumbui, alisema. Magoti ndiyo yanamuuma, kwa kupiga deki amechuchumaa. Na anataka rupia mia tano zaidi kwa mwezi, maana gesi imepanda na mwanawe anaingia sekondari. Kama ninaelewana na Kaku, nimsaidie kuomba hizo.

Nilimuombea. Kaku alitoa mia tatu, na akanunua deki ya mpini mrefu. Kikombe kilibaki dirishani hadi nilipoondoka.

Usiku ule nilimtumia dada yangu ujumbe wa sauti nikimsimulia yote. Kwenye amri ya mishahara ya mwaka 2013, kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri kilikuwa shilingi 40,000 kwa mwezi, na yeye hakuwahi kufikishiwa hata hiyo. Nilitegemea angesema kama Maushi, kwamba pesa kwanza. Jibu lake lilikuja asubuhi, nyuma yake honi za mabasi.

"Mdogo wangu, huyo mama nampenda, lakini mimi si yeye. Mshahara nilikuwa nausahau siku mbili tatu. Ile sahani niliiona mara tatu kila siku."

Siku hizi ana mgahawa wake pale stendi, ugali na kuku wa kienyeji, na ameajiri msichana kutoka vijiji vya chini huko Shelui. Nikamuuliza huyo msichana anakulia sahani gani.

"Hizihizi za wateja, inayokuja mkononi," akasema. Akanyamaza kidogo, nikasikia mtu akiitisha chai. "Ila anakula mwisho. Na mimi nilikula mwisho. Sasa basi likisimama, nani ahudumie?"