Hela Ishirini

Msomaji, nina swali linaloninyima usingizi, na chanzo chake ni kipande cha shaba.

Jirani yetu hapa Tabora, bibi kizee, alinipa kopo la sarafu za zamani nimpelekee mnunuzi wa vyuma chakavu. Nyingi zilikuwa senti za Mwingereza, zile zenye tundu katikati na pembe za ndovu kandokando. Moja haikuwa na tundu: D.O.A., taji, 1916, na herufi T.

Sikwenda popote. Nilirudi jioni na elfu mbili zangu mwenyewe, nikasema ndiyo bei ya chakavu. "Mungu akubariki, mjukuu wangu." Kwake yalikuwa makorokoro ya baba mkwe, aliyewabebea Wajerumani mizigo vitani.

Mimi nilijua. T ni Tabora. Manowari za Uingereza zilikuwa zimefunga bahari, sarafu hazifiki kutoka Ujerumani, basi wakazigonga wenyewe kwenye karakana ya reli humu humu mjini, hata kwa shaba ya maganda ya mizinga. Tano za hela ishirini zilihesabiwa rupia moja. Septemba mwaka ule ule Wabelgiji wakauteka mji. Leo wakusanyaji hulipia moja tu zaidi ya nilivyolipia kopo zima.

Je, niliiba? Rafiki yangu anasema hapana: sokoni kila mtu na macho yake, kwani muuza sukari hukwambia kanunua kwa kiasi gani? Sawa, lakini bei ya sukari nitaiulizia duka la pili. Bibi angemuuliza nani? Mtu wa kumuuliza nilikuwa mimi.

Tena kuna linalonichoma zaidi. Mjerumani alimpa mpagazi shaba, akamwambia hii ni fedha. Mimi nikachukua kitu chenye thamani kwa mkwewe, nikamwambia hii ni shaba. Mjerumani angalau aliandika 20 juu yake.

Nilijitetea kwamba ni kwa ajili ya riwaya yangu, eti mwandishi lazima aishike sarafu mkononi ndipo aieleze. Riwaya yenyewe, tangu nimalize kidato cha nne, ina sura mbili.

Jana bibi ameniita tena. Kafagia chini ya sanduku, kaokota nyingine tatu. "Mpelekee yule yule," akasema, "alilipa vizuri."

Ziko mezani ninapoandika haya. Mbili zina T.